Neema ya Siku ya Kawaida



Nimeombwa niseme juu ya kuitambua neema ya Mungu katika maisha ya kila siku. Nianze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelishuhudia. Ukifika wakati wa shukrani za pekee kanisani, watu hutoka mbele na bahasha zao. Huyu anashukuru kwa kuwa mtoto amefaulu kidato cha nne. Yule amepona baada ya upasuaji. Familia ile imehamia nyumba mpya, na kijana yule amepata ajira baada ya kusota miaka mingi. Tunaimba, tunapiga vigelegele, na ni vyema tufurahi nao. Lakini katika maisha yangu yote ya kanisani sijamsikia mtu akisimama na kusema: "Wiki hii hapakutokea jambo. Watoto walienda shule wakarudi. Maji yalitoka siku mbili, tukajaza ndoo. Tulikula ugali na mchicha. Nimekuja kumshukuru Mungu."

Hoja yangu leo ni kwamba inatupasa tuwe watu wa kutoa ushuhuda huo. Sehemu kubwa ya neema ya Mungu hutufikia kwa kipimo cha siku moja na kupitia mikono ya watu, na kwa sababu inakuja kila siku, tunaihesabu kuwa haki yetu. Asiyeitambua neema ya siku ya kawaida hataitambua hata ile ya siku kubwa. Ataiita bahati, au ataiita bidii yake.

Pishi moja kwa siku

Twendeni jangwani, maana huko Mungu aliwafundisha watu wake somo hili kwa muda mrefu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 16, kinasimulia jinsi Waisraeli walivyonung'unika kwa njaa, mwezi mmoja tu baada ya kutoka Misri, na jinsi mana ilivyoanza kushuka. Tazameni utaratibu wake. Kila mtu aliokota pishi moja kwa siku. Aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliojifanya wajanja wakaiweka mpaka asubuhi waliikuta inanuka na ina mabuu. Siku ya sita peke yake ndipo waliokota maradufu, ili Sabato wapumzike. Mambo yakaenda hivyo miaka 40.

Asubuhi ya kwanza mana ilikuwa ajabu, watu wakaulizana ni kitu gani hiki. Lakini ukifungua kitabu cha Hesabu, sura ya 11, unawakuta watu wale wale wameichoka. Wanakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, na wanasema huko walikula bure. Bure! Chakula kile walikilipia kwa viboko, kwa kufyatua matofali, na kwa watoto wao wa kiume waliotupwa mtoni. Mtu akishaizoea neema, hupotoka mara mbili: leo yake haioni, na jana yake anaipaka sukari.

Kuna jambo jingine ambalo Musa anawakumbusha katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 8. Anawaambia kwamba kwa miaka ile 40 mavazi yao hayakuchakaa, wala miguu yao haikuvimba. Kila nisomapo sehemu hii nasimama. Mana waliiona kwa macho yao. Lakini ni nani anayeuona mguu ambao haukuvimba? Ukivimba utauona, utaukanda kwa maji ya moto na chumvi, na jirani atakuja kukupa pole. Mguu mzima unatembea tu, na mwenye mguu anafikiria mambo mengine. Neema nyingi ya Mungu ni ya namna hiyo, ni mambo ambayo hayakutokea. Ni homa ambayo haikumpata mtoto. Ni neno la kuvunja ndoa ambalo lilifika kwenye ulimi, mume akanyamaza, akatoka nje, na asubuhi hakuna aliyejua kwamba nyumba ile ilikuwa imebakiza hatua moja kubomoka.

Katika sura hiyo hiyo Musa anataja hatari inayokuja, na hatari yenyewe ni shibe. Watakapokula na kushiba, wakajenga nyumba nzuri, na ng'ombe wao wakaongezeka, watasema moyoni kwamba ni nguvu za mikono yao zilizowapatia utajiri huo. Mwenye njaa huomba bila kukumbushwa. Mwenye ghala ndiye anayehitaji kufundishwa kushukuru.

Kibarua aliyeitwa alfajiri

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana Yesu anasimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Akapatana nao dinari moja kwa siku. Akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja jioni. Jua lilipotua aliwalipa wote sawa, walioanza alfajiri na waliofanya kazi saa moja tu.

Mkazi yeyote wa miji yetu anawajua watu hawa. Wanakaa kando ya barabara, karibu na maduka ya vifaa vya ujenzi, mwiko na pimamaji vikiwa ndani ya kiroba, koleo limelazwa juu ya magoti. Pikapu ikipunguza mwendo wote wanasimama. Ikifika saa nne, wenye misuli wameshachukuliwa. Saa nane waliobaki hawainuki tena kwa haraka. Saa kumi na moja jioni, aliyebaki anawaza atakachomwambia mkewe atakapofika nyumbani mikono mitupu.

Tukihubiri mfano huu, kwa kawaida tunamtazama yule wa mwisho na kusifu ukarimu wa mwenye shamba. Ni sawa. Lakini leo naomba tumtazame yule wa alfajiri. Alilalamika kwamba jua limemchoma kutwa nzima, naye analipwa sawa na aliyekuja jioni. Hakuona kwamba yeye alipata zaidi ya dinari. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alijua kuwa watoto wake watakula. Alitoka jasho, lakini alilitoka akiwa na amani. Mwenzake hakutoka jasho. Yeye alikaa kutwa nzima na hofu. Kuitwa mapema kulikuwa neema, naye alikuita mzigo.

Ndugu zangu, wengi wetu humu ndani ni vibarua wa alfajiri. Tulizaliwa katika nyumba zenye Biblia. Tulibatizwa tukiwa wachanga, tukapelekwa shule ya Jumapili na bibi zetu, tukapata kipaimara au komunyo ya kwanza kwa wakati wake. Tukimsikia mtu aliyekuwa jambazi akitoa ushuhuda, tunaona sisi hatuna cha kusimulia. Wengine hata huona wivu, kama yule kibarua. Tunacho cha kusimulia! Aliyetolewa shimoni ameokolewa kwa neema, na aliyeshikwa mkono asitumbukie ameshikwa na neema ile ile. Bibi aliyekushika mkono ukiwa na miaka mitano, akakupeleka kanisani kwa miguu, alikuwa ni mkono wa Mungu juu yako kabla hujajua kuomba.

Kanisa lililazimika kulipigania jambo hili mapema. Mwanzoni mwa karne ya 5, Pelagio, mtu mcha Mungu aliyetoka Uingereza, alifundisha kwamba binadamu anao uwezo wa kutosha wa kutenda mema kwa hiari yake, akishaonyeshwa sheria ya Mungu na mfano wa Kristo. Aliyesimama kumpinga kwa nguvu zaidi alikuwa Mwafrika, Augustino, Askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago, katika nchi tunayoiita Tunisia, wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Augustino alishikilia kwamba hata ile hamu ya kumtafuta Mungu ni zawadi ya Mungu. Tukilichukua fundisho hilo mpaka jikoni na kazini, linatuambia kwamba hata bidii yetu tumepewa. Wewe unayeamka saa kumi usiku kuwahi sokoni, ni nani aliyekuamsha? Miguu inayokupeleka umeitengeneza wapi? Paulo aliwauliza Wakorintho swali la namna hiyo, katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, na hakungoja jibu, kwa sababu jibu ni moja tu.

Neema ina mikono

Mwaka 1529 Martin Luther alichapisha Katekisimo Ndogo, na waliopita kipaimara katika makanisa ya Kilutheri wanaikumbuka. Alipofika kwenye ombi la Baba Yetu juu ya riziki ya kila siku, hakuishia kwenye mkate. Aliorodhesha chakula na mavazi, nyumba na shamba, mifugo na fedha, mwenzi mwema na watoto wema, watawala waaminifu, hali nzuri ya hewa, amani, afya, marafiki wa kweli na majirani wema. Jirani mwema naye amo ndani ya riziki! Hiyo ndiyo sababu napenda tumtazame Mungu anavyogawa.

Chukueni yai moja. Katika sharika nyingi za Kilutheri hapa Tanzania, ibada ikiisha tunatoka nje na mnada unaanza. Asiye na fedha ameleta alichonacho: mkungu wa ndizi, kisado cha maharage, maparachichi, kuku aliyefungwa miguu. Mama mzee ameleta yai, amelibeba kwenye leso tangu nyumbani ili lisipasuke. Mzee wa kanisa analiinua juu na kuita bei. Mmoja anasema elfu moja, mwingine elfu mbili, na wanakwaya wanachangamsha. Mwalimu analichukua kwa elfu tatu, bei ambayo ingenunua mayai kadhaa dukani. Kisha halipeleki nyumbani kwake. Anampa binti na kumwambia: "Mpelekee bibi aliyelazwa pale nyuma ya shule." Jioni yai liko kwenye sahani ya mgonjwa.

Hesabuni mikono. Yupo aliyefuga, yupo aliyetoa, yupo aliyenunua, yupo aliyepeleka. Nyuma yao kuna mvua iliyootesha mahindi yaliyomlisha kuku, na mvua hiyo, kama alivyofundisha Bwana wetu mlimani, Mungu huwanyeshea wema na wabaya. Mgonjwa anayemshukuru Mungu kwa yai lile hajakosea. Akimshukuru Mungu na akawasahau wale wanne, ameona nusu. Akiwashukuru wale wanne na akamsahau Mungu, ameona nusu nyingine.

Hapa pana onyo. Ikiwa neema hupita mikononi mwa watu, basi mikono inaweza kuizuia. Mtu anayemcheleweshea mshahara msaidizi wake wa nyumbani miezi miwili, kisha akasimama mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa baraka za mwaka, anashukuru kwa mana ambayo sehemu yake ni ya mwenzake. Mana iliyolimbikizwa ilinuka wakati ule, na leo bado inanuka.

Kipimo tulichoachiwa na uamsho

Tutajuaje kwamba tunachokiita neema ni neema kweli? Historia ya eneo letu imetuachia kipimo. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho uliowaka Gahini na Uganda ulienea Burundi, ukaingia Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika, na ukafika Kenya. Wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, unaimbwa mpaka leo na watu wasiojua Kiganda.

Ushuhuda wa ndugu wale ulihusu mambo ya nyumbani na kazini. Walikutana katika vikundi vidogo, wakasema wazi walichokosa, kwa majina yake. Walirudisha walivyoiba kwa waajiri wao. Waume waliwaomba wake zao msamaha, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona. Wamisionari na Waafrika waliombana msamaha kwa dharau na chuki walizokuwa wamefichiana. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo, na walikataa pia kubeba silaha upande wa serikali, na wapo waliouawa kwa msimamo huo. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa nchini Uganda, Askofu Festo Kivengere, mtoto wa uamsho ule, alilazimika kuikimbia nchi yake. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilitamka kwamba anampenda Idi Amin, mtawala aliyemfanya mkimbizi.

Sikilizeni basi kipimo chenyewe. Neema iliyompata mtu ilionekana katika deni lililolipwa, ugomvi uliokwisha, na adui aliyesamehewa. Siku hizi tumezoea kipimo kingine. Mtu anashuhudia gari, kiwanja, safari ya Ulaya, na wanaomsikiliza wanaondoka wakijiuliza kwa nini Mungu amewasahau wao. Gari laweza kuwa zawadi ya Mungu, na tushukuru. Lakini hata mwizi ana gari. Ukitaka kujua kama neema imepita nyumbani kwako, waulize wanaoishi nawe kama umekuwa mpole zaidi kuliko mwaka jana.

Siku mbaya nayo

Sitakuwa mkweli nikiwaacha bila kusema juu ya siku isiyo ya kawaida, siku ya msiba. Tuwe waangalifu na ndimi zetu. Basi likipinduka, watano wakafa na wewe ukatoka mzima, mshukuru Mungu kwa machozi, lakini usishuhudie kana kwamba wale watano hawakupendwa. Wala usimwambie mama aliyetoka kumzika mwanawe kwamba hii nayo ni neema. Iulizwe pia kwa nini basi lile lilikuwa barabarani na breki mbovu. Imani haitukatazi kuuliza hivyo. Kumpenda jirani kunatudai tuulize.

Neema katika siku kama hiyo naiona katika habari za Eliya, Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii amekimbia, amechoka, amelala chini ya mti na ameomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena, ndipo akapata nguvu ya safari ya siku 40 kwenda Horebu. Swali la Mungu kwa Eliya, kwamba anafanya nini huku, lilikuja baadaye sana, alipokwisha kula na kulala.

Wanawake wetu wanaijua elimu hii kuliko wanateolojia wengi. Msiba ukitokea hawaji na maelezo. Wanakuja na sufuria, kuni na mchele. Mmoja anawasha moto, mwingine anachota maji, vijana wanafunga turubai, na wapo watakaolala chini na mfiwa usiku ule na usiku unaofuata. Saa nne asubuhi mtu anamwekea kikombe cha uji mkononi na kumwambia: "Kunywa kidogo, mama." Uji ule ni mkate wa Eliya.

Naye Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 12, anasimulia kwamba alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliomtesa. Haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kuubeba. Mwenye kisukari anayechoma sindano kila asubuhi na kwenda kazini anayafahamu maneno haya kuliko mimi ninayeyaeleza.

Tufanye nini

Kutambua ni kazi ya mazoezi. Katika karne ya 16 Ignatius wa Loyola aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao kwa sala, na hatua ya kwanza ya sala hiyo ilikuwa kushukuru, kabla ya kutafuta makosa. Nafasi hiyo kila mmoja wetu anayo kabla ya kulala, awe ndani ya chandarua au kwenye kiti cha ulinzi wa usiku.

Kwanza, tutaje kwa majina. Sala ya "asante kwa yote" ni rahisi kwa sababu haina kitu ndani yake. Sema: asante kwa mvua ya saa tisa, kwa kondakta aliyenirudishia chenji yangu kamili, kwa mtoto kula leo baada ya siku mbili za homa.

Pili, tutaje mkono uliotuletea. Nani alikuwa sababu ya jema hilo? Kesho umwambie mwenyewe. Yule mwenye ukoma katika Luka sura ya 17 aliona kwamba amepona, akageuka na kurudi. Walikuwa kumi, na wote walipona. Tofauti yake na wale tisa ilikuwa ni safari ya kurudi.

Tatu, nawaomba wachungaji na mapadre wetu watenge Jumapili moja katika mwezi iwe ya shukrani za wiki ya kawaida, bila bahasha. Mkulima asimame na kusema maharage yameota. Mjane aseme nani alimtengenezea paa. Watoto wakikua wakisikia ushuhuda wa namna hiyo, watajua kwamba Mungu anakaa mtaani kwao.

Na la mwisho, tuipitishe. Mana haikuwekwa akiba, na msamaha tuliopewa hauwekwi akiba. Kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja anayemdai: mshahara uliocheleweshwa, pole ambayo haikupelekwa, simu isiyopigwa tangu ule ugomvi wa urithi. Umesoma neno la Mungu miaka mingi, umeimba juu ya neema miaka mingi. Nenda kwa mtu huyo kesho, kabla jua halijatua, ukamlipe. Hapo utakuwa umeitambua neema, na yeye ataitambua kwa mkono wako.